Insha ya masimulizi: anza na maharage, volkano itakuja yenyewe

Kila mwaka, masomo yakishaanza kuchangamka, naandika ubaoni maneno mawili tu: "Siku ile." Halafu nawaachia wanafunzi saa mbili. Jioni nabeba kopi za insha zao nyumbani, hamsini na kitu, nazipanga mezani karibu na taa, na kabla sijafungua ya kwanza najua nitakachokuta. Tuko Goma, mashariki mwa Kongo, chini ya volkano ya Nyiragongo. Zaidi ya nusu ni volkano. Na katika hizo za volkano, nyingi zinaanza hivi: "Ilikuwa siku ya Jumamosi, hali ya hewa ilikuwa nzuri, ghafla..."

Sina ugomvi na volkano. Mtoto aliyelala barabarani usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, ana haki ya kuisimulia mpaka azeeke. Kinachonichosha ni kwamba watoto wengi hivyo, kila mmoja na nyumba yake, wananiletea usiku mmoja uleule, kama wote waliusikia redioni. Hakuna harufu. Hakuna jina la mtaa. Hakuna mtu hata mmoja aliyesahau kiatu.

Haya hapa chini ni kwa ajili ya mwanafunzi mwenye insha ya kukabidhi wiki hii. Nitarudi mara nyingi kwenye kopi moja, ya binti wa darasa la 8, aliyeniletea kazi ya kwanza ya ovyo kabisa, na ya pili ambayo bado naitunza kwenye droo. Aliniruhusu niitumie.

1. Chagua saa moja, achana na siku nzima

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nyiragongo ilipolipuka Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaenda mpaka ziwani. Mwaka uliofuata tukapewa insha darasani, nami nikajiona tajiri. Nilikuwa na jambo! Nikaanza Jumatatu. Nikaeleza shule, nikaeleza mechi ya Jumanne, nikaeleza homa ya mdogo wangu Jumatano. Kengele ikagonga nimefika Alhamisi asubuhi, navaa soksi. Mwalimu aliandika chini kwa wino mwekundu: "Volkano iko wapi?" Pointi 8 kwa 20, na nadhani alinihurumia.

Kurasa mbili zinabeba saa moja, mbili zikizidi. Kwa hiyo jiulize: katika siku yako hiyo, ni saa gani ambapo kitu kiligeuka? Kabla yake ulikuwa hivi, baada yake ukawa vile. Anzia karibu na hapo.

Kisha jipime kwa sentensi moja, kwa mdomo, bila kalamu: nilitaka nini, na nini kikanizuia? Binti yule wa darasa la 8 alinijibu hivi: "Prof, nilitaka maharage yaive tule, ndipo tukakimbia." Basi. Hiyo tayari ni hadithi, kwa sababu kuna mtu anayetaka kitu. Ukikosa mtu anayetaka kitu, utaandika ripoti ya mkuu wa mtaa.

Wala si lazima iwe volkano. Kusema kweli ningefurahi zaidi kusoma juu ya kidumu kilichokuponyoka Kituku, kule ufukweni, kikaelea ziwani mbele ya watu, au mara ya kwanza ulipotumwa kuvuka barière ndogo, mpaka wa Rwanda, peke yako na bidhaa za mama, au siku uliyoficha buletini ya alama zako chini ya godoro. Mambo madogo yana faida moja kubwa: hakuna aliyekuwekea maneno tayari.

Na hili nalisema wazi kila mwaka. Mji huu umeona vita, na humo darasani wamo walioona visivyosimulika. Sitoi pointi kwa ukubwa wa kidonda. Kama jambo bado linakutetemesha mkono, liache, andika juu ya kidumu. Mwalimu anayekulazimisha uandike kifo ili apate insha nzuri amekosea kazi.

2. Kusanya vitu kabla ya sentensi

Chukua karatasi chafu. Dakika kumi. Usiandike sentensi, andika vitu tu: vilivyoonekana, vilivyosikika, vilivyonuka, vilivyogusa ngozi. Sharti langu ni kwamba kila kitu kiwe kinaweza kubebwa au kumkwaza mtu. "Hofu" haibebeki. "Huzuni" haimkwazi mtu. Vifutwe.

Orodha ya binti ilikuwa hivi: mbabula (jiko la makaa), kipande cha katoni, maharage, kidumu cha manjano, sandali ya mdogo wangu (kamba imekatika), mawe meusi, bibi juu ya chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili), redio ya jirani, harufu kama kiberiti kikiwashwa. Tazama: hofu yote iko humo, na hakuna mahali ilipotajwa.

Baadaye nikamtuma nyumbani aulize. Hatua hii wengi wanairuka, nami naona ndiyo inayozaa zaidi. Muulize mama, muulize kaka mkubwa: tulikuwa tunafanya nini wakati ule ule? Wao wanakumbuka kisichofanana na chako. Mama yake alikumbuka jambo moja tu: kwamba hakuwa ametia chumvi. Chumvi hiyo itarudi, ngoja.

Kama kitu bado kipo, nenda ukakitazame upya. Nasoma kila mwaka "chukudu ilipita." Sawa, ilipitaje? Usiende kwenye ile sanamu ya rangi ya dhahabu pale mzungukoni, haitoi sauti. Nenda barabara ya Rutshuru, mahali zinaposhuka na magunia. Simama dakika tano. Utaona gurudumu ni mti uliovikwa mpira wa tairi kuukuu. Utaona mwenye chukudu amepiga goti moja juu ya ubao na mguu wa pili unasukuma lami. Utasikia mbao zinavyolia zikibeba mzigo, na mtu anavyopiga kelele watu wapishe kwa sababu breki, ikiwepo, ni kipande cha tairi tu nyuma. Ukirudi nyumbani chagua viwili kati ya hivyo, si vyote. Msomaji si mnunuzi wa chukudu.

Hapohapo hakikisha mambo ambayo si yako peke yako. Mazungumzo ya jikoni unaruhusiwa kuyabuni, kwani nani anakumbuka neno kwa neno? Lakini huruhusiwi kuhamisha ziwa. Kila mwaka napata kopi ambamo lava ya 2021 inaingia Kivu ikichemsha maji. Hiyo ilikuwa 2002, ulisimuliwa na baba. Ile ya 2021 ilisimama karibu na uwanja wa ndege, haikufika ziwani. Wengine wanachanganya kukimbia mara mbili: usiku wa Jumamosi tarehe 22 watu walijiondokea wenyewe, na wengi walirudi Jumapili; amri ya kuhama sehemu ya mji ilitolewa tarehe 27, baada ya siku za matetemeko. Ukivichanganya, msomaji yeyote wa Goma atakukamata kwenye mstari wa tatu na hatakuamini tena, hata kwenye maharage.

3. Ingia mlango wa jikoni

Huu ndio mwanzo wake wa kwanza:

*"Ilikuwa siku ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Mimi na familia yangu tulikuwa nyumbani tukiwa na furaha. Ghafla tuliona anga imekuwa nyekundu kama damu. Watu wote walianza kukimbia huku na huko. Tuliogopa sana."*

Hakuna kosa la sarufi. Na hakuna mtu. Nilimuuliza: "Ulikuwa umesimama wapi ulipoona wekundu huo?" Akasema: "Sikuwa nimesimama, Prof. Nilikuwa nimechutama." Nikamwambia aanzie hapo. Mwanzo wa pili:

*"Maharage yalikuwa bado magumu. Nilikuwa nimechutama mbele ya mbabula nikipepea moto kwa kipande cha katoni, nikaona mkono wangu umekuwa mwekundu. Nikadhani ni makaa. Nikauvuta mkono pembeni, ukabaki mwekundu. Nikainua macho: ukuta wa jirani, mabati, kidumu cha maji, vyote vilikuwa vimepakwa rangi moja."*

Volkano haijatajwa, na msomaji ameshaiona. Tena ameiona mahali pake, kwa mpangilio wa macho ya mtoto: mkono kwanza, mbingu mwisho. Binti hakuongeza neno gumu hata moja. Alichofanya ni kukataa kusema jina la kitu kabla ya kukiona.

Angalia pia "nyekundu kama damu" imekwenda wapi. Imeondoka yenyewe. Tashbihi hiyo imetumika hata haina rangi tena. Mbele zaidi kidogo aliandika kwamba bibi yake alikaa juu ya chukudu *"amefungwa kamba kama gunia la viazi, akishikilia Biblia na sufuria ndogo."* Gunia la viazi juu ya chukudu analiona kila siku. Tafuta mfano wako kwenye njia unayopita kwenda shule. Usiutafute kwenye insha za kaka yako.

Methali ya kufungulia? Mimi naziondoa. Ukianza na "Hayawi hayawi huwa", umeniambia mwisho kabla sijakaa.

4. Vitenzi: -li-, -ka-, -ki-

Hapa ndipo nakaa zaidi darasani, kwa sababu ndipo insha inapopata miguu.

Fungua tukio kwa -li-, kisha liendeshe kwa -ka-. "Mama aliinuka, akachukua kitenge, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka." Umeona anavyokwenda? Sasa sikia hii: "Mama aliinuka. Mama alichukua kitenge. Mama alimfunga mtoto mgongoni. Mama alitoka." Huyo mama anatoa ushahidi mbele ya hakimu. Ukitaka kusimamisha mwendo, rudi kwenye -li- au kikanusho chake, -ku-: "...akatoka. Hakurudi kufunga mlango." Kikanusho hicho kimoja kinashtua kwa sababu -ka- zilikuwa zimetuzoesha kukimbia.

-ki- ni ya kinachoendelea pembeni: nikipepea, watu wakipita, redio ikikoroma. Ndiyo inayojaza barabara bila kuisimamisha hadithi. Na -me- ni picha iliyotulia: sandali imekatika, mlango umeachwa wazi.

Tatizo letu hapa Kivu ni kwamba Kiswahili cha mtaani kina -ka nyingine, ya mwishoni mwa kitenzi: "tunaendaka Kituku", maana yake tuna mazoea ya kwenda. Si kosa, ndivyo tunavyosema, na mimi nasema hivyo nikiwa nyumbani. Lakini haifanyi kazi ya -ka- ya katikati. "Tunaendaka" ni kila siku. "Tukaenda" ni mara moja, baada ya jambo fulani. Kila mwaka mmoja ananiandikia "tulikimbiaka" na mimi nabaki najiuliza mlikimbia mara ngapi. Kwa mazoea, katika maandishi, tumia hu-: "Jumamosi mama hupika maharage." Ile -ka ya nyuma iweke midomoni mwa watu wako, ambako inapendeza.

5. Midomo ya watu

Tumefika kwenye midomo basi. Msimuliaji na aandike Kiswahili cha vitabu. Wanaozungumza waachwe waseme kama wanavyosema. Hivi ndivyo alivyoandika binti:

*— Mama, kuya uone.*
*— Maharage imeiva?*
*— Apana. Kuya tu.*

*Mama akatoka akipangusa mikono. Akatazama juu, akatazama sufuria, akatazama juu tena.*

*— Tunaenda wapi? nikamuuliza.*
*— Kwenye batu banaenda.*

Jibu hilo la mwisho, yaani "wanakoenda watu", nililisoma mara tatu. Usiku mzima wa Goma uko ndani yake: hakuna anayejua njia, wote wanafuatana. Angeandika "Mama alisema twende wanakoenda watu wengine kwa usalama wetu", ingekuwa habari tu.

Angalia pia alivyopunguza "alisema". Katika mistari mitano ametumia "nikamuuliza" mara moja, kwa sababu tunajua nani anaongea. Na kati ya maneno ameweka mikono ya mama na macho yake yanayorudi kwenye sufuria. Mazungumzo yasiyo na mikono ni ya simu.

Najua wengi wenu mtaandika kwa Kifaransa. Ndicho cha darasani na cha mtihani. Basi sikilizeni. Katika kopi za Kifaransa akina mama wa mtaa wa Mabanga wanasema: "Mes enfants, hâtons-nous !" (Wanangu, tufanye haraka!) Nimeishi Goma maisha yangu yote, sijawahi kumsikia mama huyo. Andika kwanza mazungumzo kwa Kiswahili, kwenye karatasi chafu, kama yalivyosemwa. Ndipo uyahamishe, ukilinda ufupi wake. Mama aliyesema maneno matatu asigeuke kusema kumi na moja kwa sababu tu amevaa Kifaransa. Neno moja au mawili ya Kiswahili unaweza kuyaacha ndani, kama chukudu au mbabula, ukiyaelezea kwa kitendo. Mimi nayakubali, muulize mwalimu wako kabla.

6. Mwendo

Kwa kifupi: mahali ambapo kitu kiligeuka, punguza mwendo; njiani, ongeza. Binti alitumia nusu ukurasa kwa dakika mbili za mbabula, na mistari minne kwa mwendo wa usiku mzima kutoka Mabanga, kupita Ndosho, mpaka Mugunga. Katika mistari hiyo minne mna kitu kimoja tu cha karibu: mdogo wake anayetembea na sandali moja juu ya mawe, akihesabu hatua kwa sauti ili asilie. Wengi wanafanya kinyume, kurasa za kutembea na kuchoka, na lile jambo lenyewe linapita kwa "ghafla".

Tanakali za sauti zitumie kama pilipili. Ardhi kutetemeka *ndi ndi ndi* mara moja inasikika. Mara ya tatu ni mchezo wa watoto.

7. Fyeka

Acha insha ilale usiku mmoja. Ukiwa mtihanini huna usiku, basi gawanya saa zako mbili hivi: robo saa ya kukusanya vitu, saa moja na robo ya kuandika, nusu saa iliyobaki ya kukata na kunakili. Wanaoanza kuandika dakika ya kwanza ndio wanaofika kwenye soksi.

Unapokata, anza na haya, maana nimeyasoma mara nyingi kuliko jina langu: *ghafla, sikuamini macho yangu, huku na huko, sana sana, kwa kweli, siku hiyo sitaisahau maishani mwangu.* Futa uone kama sentensi inaanguka. Karibu kila mara inabaki imesimama, tena imenyooka. Kisha tafuta kila "niliogopa", "nilifurahi", "nilihuzunika", na badala yake weka kile mwili ulichofanya. Binti alikuwa na "niliogopa" tano. Zikabaki sifuri, na mahali pa mojawapo pakaja hii: *"Nilibeba kile kipande cha katoni mpaka Ndosho. Sijui kwa nini."*

Halafu msomee mtu kwa sauti, mtu asiye mwanafunzi: shangazi, fundi wa viatu, yeyote. Usimuulize kama ni nzuri, atakudanganya kwa heshima. Mtazame tu. Pale anapoangalia simu, pana sentensi ya kukata. Pale anapouliza "na bibi je?", umesahau kitu.

8. Mwisho

Kwanza, hapana ndoto. "Nilipoamka nikagundua kumbe ilikuwa ndoto" ni kumwambia msomaji umemlia fedha zake. Pili, hapana funzo. Insha ya kwanza ya binti iliishia: *"Tangu siku hiyo nilijifunza kwamba maisha ni mafupi na tunapaswa kupendana."* Nilimuuliza kama kweli alijifunza hivyo usiku ule. Akacheka. "Hapana, Prof. Nilikuwa na njaa."

Rudi kwenye kitu ulichoanza nacho, ukione kilivyo sasa, uondoke. Kama ulianza na kidumu, kidumu kiko wapi? Kama ni buletini, nani aliyeinua godoro? Usieleze maana yake. Ukiona umeandika fungu la mwisho na bado lipo lingine chini linalofafanua, futa lile la chini.

Insha yake ya pili inafungwa Jumapili asubuhi, wamerudi Mabanga, nyumba ipo. Fungu zima ni hili:

*"Mbabula ilikuwa palepale, makaa yamekuwa majivu. Maharage ya chini yalikuwa yameungua, ya juu yameiva vizuri. Mama hakuvua kitenge, hakumshusha mtoto. Alichota kidogo kwa kidole akaonja, tukimtazama.*

*— Chumvi, akasema."*